Ndiyo, hapana na bado: maswali ya kiini cha Linux

Idara yetu ina seva moja kuukuu. Ndani yake mna rekodi za sauti za wazee tulizozikusanya kwa zaidi ya miaka 20: hadithi, vitendawili, nasaba, na malumbano ya watani yasiyosemeka mbele ya watoto. Baadhi ya wazee hao walitueleza mambo ya koo zao kwa sharti kwamba sauti zao zisitoke nje wakiwa hai. Tuliwaahidi hivyo, na wengine wao wangali hai.

Mwaka jana wanafunzi wa uzamili walihitaji mahali pa kujaribia programu zao za kuchanganua maneno. Pesa za kununua seva ya pili hazikuwepo. Fundi wetu wa maabara, kijana mchangamfu asiyejua kukata tamaa, akaja ofisini kwangu akitabasamu.

"Prof, hiyo si shida. Tutawawekea kontena. Seva ni ile ile, lakini kila mtu na kontena yake."

Nilipolisikia neno kontena, mawazo yalinipeleka moja kwa moja hadi bandarini Kilindini. Niliona makasha ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, kila moja na lakiri yake, la mchele halina habari na la saruji. Nikasema sawa, endelea. Siku tatu baadaye, katika mazungumzo ya kupita tu, ndipo nilipotambua kwamba kontena alilokuwa akilizungumzia halina chuma hata kidogo. Ahadi yangu kwa wazee nilikuwa nimeiegemeza kwenye picha ya neno.

Nikamwomba anieleze jambo lote upya, kwa Kiswahili, tangu mwanzo. Akacheka. "Prof, hii kitu haina Kiswahili." Nikamwambia kama haina basi na aketi, tutakunywa chai mpaka tuipate. Makala ya leo ni matunda ya vikao hivyo, na birika kadhaa.

Tuanze na kiini. Kila tarakilishi ina programu moja iliyo chini ya nyingine zote, ambayo ndiyo pekee inayoruhusiwa kuzungumza na vyuma vyenyewe: prosesa, kumbukumbu, diski, kadi ya mtandao. Programu nyingine zikitaka kitu sharti zipitie kwake. Waingereza waliipa jina la ile sehemu ya ndani ya kokwa, nasi tuna neno letu lisilohitaji kuazimwa: kiini, kama kiini cha yai. Kiini cha Linux kilianza kuandikwa na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, Ufini, mwaka wa 1991. Leo hii kimo ndani ya simu za Android, ndani ya seva nyingi zinazobeba tovuti tunazozisoma, na ndani ya ile seva yetu kuukuu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kiini hicho hakiji kikiwa kimeshaiva. Kinakuja kama maandishi, mamilioni ya mistari yaliyoandikwa na binadamu, ambayo sharti yageuzwe kuwa lugha ya mashine. Mafundi huita kazi hiyo kukompaili. Niliwahi kufikiria kusema "kukusanya", lakini anayekusanya kuni hajapika bado. Nitasema kukiunda kiini, na msomaji atanielewa.

Basi kabla ya kukiunda, fundi huulizwa maswali, nayo ni maelfu. Je, unataka kiini kielewe aina hii ya diski? Kijue kadi hii ya mtandao? Kiruhusu jambo hili la usalama? Fundi huandika amri ya make menuconfig, orodha ndefu ya maswali ikajitandaza kwenye skrini, na majibu yote yakahifadhiwa katika faili moja iitwayo .config. Mtu mzima hawezi kuyajibu yote kwa mkono na akabaki na akili zake. Wengi huchukua faili ya majibu ya watu wengine, tuseme ya Debian au Fedora, wakabadilisha machache tu.

Hapa ndipo mimi, mtu wa sarufi, nilipoanza kusisimka. Majibu si mawili. Ni matatu: y, m na n. Herufi y ni ndiyo, kitu kiungwe ndani ya kiini chenyewe. Herufi n ni hapana, kisiwepo kabisa. Na m je? Herufi m inasimamia moduli: kitu kiundwe, lakini kiwekwe kando kwenye diski, na kiini kije kukichukua siku kitakapohitajika. Fundi alipokuwa akihangaika kunieleza hadhi ya jibu hili la tatu, la ndiyo lisilo ndiyo kamili, nikamuuliza: ukiulizwa kama umekula na hujala lakini unakusudia kula, utajibuje?

"Bado," akasema, kisha akanyamaza, kisha akapiga meza.

Naam. Mswahili hajibu "hapana" kwa swali kama hilo. "Sili" ni kitu kimoja na "sijala" ni kingine, na kiambishi -ja- kinabeba ahadi ndani yake. Jibu la m ni bado. Katika lugha nyingi dhana hiyo inahitaji aya nzima. Sisi tunayo katika silabi mbili.

Ila si kila swali linakubali bado. Mengine, kwa namna yalivyo, yanakubali ndiyo au hapana tu, kwa sababu yanagusa mifupa ya kiini. Ukishakiunda bila hicho kitu, huwezi kukipachika baadaye mpaka urudi kukiunda upya na kuiwasha mashine upya. Kujua swali lipi ni la mifupa na lipi ni la kusubiri ndiyo nusu ya ufundi huu, na itatufaa tutakaporudi kwenye kontena.

Sasa, kuna njia mbili kuu za kuifanya mashine moja ijifanye kuwa nyingi. Chukua mfano wa mwenye shamba la robo ekari huko Kitengela. Anaweza kujenga nyumba tatu kamili, kila moja na msingi wake, kuta zake na paa lake. Au anaweza kujenga ile tunayoiita ploti: vyumba kumi chini ya paa moja refu, kila mpangaji na kufuli lake, lakini bati ni moja, tangi la maji ni moja na msingi ni mmoja.

Nyumba kamili ni mashine pepe. Kila moja huwa na kiini chake chenyewe, nayo huamini kwamba ina prosesa na diski za peke yake. Wazo hili ni la kale kuliko vijana wanavyodhani. Kampuni ya IBM iliuza mfumo wa aina hiyo, VM/370, tangu mwaka wa 1972. Katika tarakilishi zetu za kawaida kazi ilikuwa ngumu kwa sababu prosesa zenyewe hazikuumbwa kwa ajili hiyo, mpaka Intel na AMD zilipoongeza uwezo huo mnamo 2005 na 2006. Kisha Februari 2007 kiini cha Linux, toleo la 2.6.20, kikapata sehemu iitwayo KVM inayokigeuza kiini chenyewe kuwa mwenyeji wa mashine pepe.

Vyumba vya ploti ndivyo kontena. Kiini ni kimoja. Hakuna kiini cha pili, wala cha tatu. Fundi alinithibitishia kwa njia nyepesi sana: alifungua kontena tatu, moja la Debian, jingine la Fedora, la tatu la Alpine, na katika kila moja akaandika amri ya uname -r, inayouliza toleo la kiini. Jibu likawa lile lile mara zote tatu. Majina ya milangoni yalikuwa tofauti, bati lilikuwa moja.

Na kwa kuwa kiini ni kimoja, swali la usalama wa kontena ni swali la majibu aliyotoa fundi siku ya kukiunda. Kuta za vyumba hazitoki popote isipokuwa humo.

Kuta zenyewe huwashwa na jibu la ndiyo kwa swali CONFIG_NAMESPACES na watoto wake. Mimi naziita mawanda ya majina. Hebu fikiria darasa mbili, kila moja na mwanafunzi aitwaye Kamau. Mwalimu akiita "Kamau!" katika darasa la kwanza, yule wa darasa la pili hageuki. Jina lina maana ndani ya uwanda wake tu. Kiini hufanya vivyo hivyo. CONFIG_PID_NS huipa kila kontena hesabu yake ya michakato, hata programu ya kwanza ndani ya chumba hujiona kuwa namba 1, ilhali mwenyeji anaijua kama namba 48,000 na ushei. CONFIG_NET_NS huipa mtandao wake. CONFIG_UTS_NS hulipa kontena jina lake kama mashine. CONFIG_IPC_NS hutenganisha mawasiliano ya ndani ya michakato. Haya yote ni maswali ya mifupa: ndiyo au hapana, bado haikubaliki.

Katika historia ya mawanda haya mna kituko ambacho mwanaisimu hawezi kukipita. Uwanda wa kwanza kuingia katika Linux, mwaka wa 2002, ulihusu faili: kontena lione mti wake wa saraka. Waliouandika hawakudhani kwamba kungekuja aina nyingine, kwa hiyo wakaupa alama ya CLONE_NEWNS, yaani uwanda mpya wa majina, bila kusema majina ya nini. Ni kama mzazi anayemwita mtoto wake wa kwanza "Mtoto", kisha wakazaliwa saba wengine. Leo mawanda ni manane, wa karibuni ukiwa wa saa, ulioingia mwaka wa 2020, na yule wa kwanza angali anaitwa Mtoto, kwa sababu programu nyingi sana zimeshazoea kumwita hivyo. Wanaobuni istilahi kwa pupa wakumbuke kisa hiki.

Kati ya mawanda manane, unaozua ubishi ni ule wa watumiaji, CONFIG_USER_NS, uliokamilishwa katika toleo la 3.8 mwaka wa 2013. Huo humwezesha mtu kuwa mkuu wa kila kitu ndani ya kontena huku akiwa si lolote si chochote nje yake. Mfalme chumbani, mpangaji uani. Kwa upande mmoja ni kinga bora: programu mbovu ikivunja mlango wa chumba inajikuta uani bila mamlaka. Kwa upande mwingine, unampa mtu wa kawaida nafasi ya kugusa sehemu za kiini ambazo zamani ziliguswa na mkuu wa mfumo pekee, na sehemu hizo zimekuwa na mianya yake. Watu wa Debian waliufunga kwa watumiaji wa kawaida kwa miaka mingi, wakaja kuufungua katika toleo la 11 mwaka wa 2021. Sisi tuliujibu ndiyo, kisha tukazuia wanafunzi wasiutumie moja kwa moja. Msomaji anayejua zaidi anaweza kunikosoa; hapa wataalamu wenyewe hawajakubaliana.

Kuta peke yake hazitoshi. Anayeishi ploti anajua kwamba ugomvi mkubwa hautokani na ukuta bali na maji na umeme. Mpangaji mmoja anafua nguo za ukoo mzima Jumamosi asubuhi, tisa waliobaki wanaamka mifereji imekauka. Katika kiini, mita ni ile sehemu iitwayo CONFIG_CGROUPS, vikundi dhibiti. Chini yake mna CONFIG_MEMCG kwa ajili ya kumbukumbu, CONFIG_CFS_BANDWIDTH kwa muda wa prosesa, na CONFIG_CGROUP_PIDS inayoweka kikomo cha idadi ya michakato. Usipoweka mita ya kumbukumbu, programu ya mwanafunzi mmoja iliyoandikwa vibaya inaweza kuila kumbukumbu yote ya mashine, na kiini, kikiwa kimebanwa, huanza kuchagua mchakato wa kuua ili kijiokoe. Hakuna hakikisho kwamba kitamuua mwenye hatia. Kinaweza kuua hifadhidata ya kamusi iliyokuwa imekaa kimya chumba cha tatu.

Hata jina la vikundi dhibiti lina kisa. Wahandisi wa Google waliouanzisha mradi huo mwaka wa 2006 waliuita kontena za michakato. Kufikia mwisho wa 2007 walilazimika kuubadilisha jina, kwa sababu neno kontena lilikuwa tayari na maana nyingi mno miongoni mwa waandishi wa kiini, na kila mtu alikuwa akielewa lake. Ukitafuta ndani ya kiini cha Linux kitu kimoja kinachoitwa kontena, hutakipata. Kuna mawanda, kuna vikundi dhibiti, kuna vitu vingine vidogovidogo, na programu kama LXC, ya 2008, au Docker, ya 2013, huviunganisha na kuvipa jina hilo sokoni. Kwa hiyo hata wao wenyewe lilikuwa limewachanganya. Nilipolijua hilo, aibu yangu ya Kilindini ilipungua kidogo.

Mita zina hila moja zaidi. Katika vifaa vidogo vya Raspberry Pi, vinavyopendwa sana mashuleni, jibu la CONFIG_MEMCG limekuwa ndiyo na bado mita hiyo hailali wala haiamki mpaka uongeze maneno cgroup_enable=memory katika mstari wa kuwashia mashine. Mita imefungwa ukutani lakini waya haujaunganishwa. Mwalimu anayewawekea wanafunzi wake kontena kwenye kifaa hicho asidhani kwamba kikomo alichoandika kinafanya kazi, akijaribu kwanza.

Sasa kuhusu milango, nitakuwa mwepesi, ingawa ndiyo iliyotutesa. CONFIG_VETH ni jozi ya nyaya pepe, ncha moja chumbani na nyingine uani. CONFIG_BRIDGE ni daraja la kuziunganisha nyaya hizo. CONFIG_OVERLAY_FS, iliyoingia katika toleo la 3.18 mwaka wa 2014, huwezesha kontena kumi kusoma nakala moja ya faili huku kila moja likiandika mabadiliko yake kwenye tabaka lake, mfano wa karatasi angavu iliyowekwa juu ya ramani. Haya matatu yanakubali bado.

Na hapo ndipo kijana wetu alipojikwaa. Seva yetu ni nzee na kuunda kiini kizima kunaichukua saa nyingi. Akaamua kutumia njia ya mkato, amri ya make localmodconfig. Amri hiyo hutazama ni moduli zipi zinazotumika wakati huo huo, ikazibakiza, na nyingine zote ikazifuta katika faili ya majibu. Ni amri nzuri na yenye faida. Lakini siku ile hapakuwa na kontena hata moja lililokuwa likifanya kazi. Kwa hiyo nyaya pepe hazikutumika, daraja halikutumika, karatasi angavu haikutumika. Kila bado iliyokuwa imelala ikageuzwa kuwa hapana.

Kiini kikaundwa. Mashine ikawaka vizuri kabisa. Hakuna onyo lolote, maana kiini hakina namna ya kujua ulichokuwa umekusudia. Kuta zilikuwepo, kwa kuwa ni mifupa na amri ile haiyagusi majibu ya mifupa. Milango ndiyo haikuwepo. Docker ilipojaribu kufungua kontena la kwanza ikagoma, ikitoa malalamiko ya mtandao ambayo kijana aliyasoma asubuhi nzima akidhani ni kosa la Docker. Hapana halisi katika faili ya .config haiandikwi hata kama jibu. Huachwa kama maelezo ya pembeni kwamba jambo fulani halijawekwa. Ni rahisi macho kulipita.

Dawa tuliipata. Ukitaka kujua majibu ya kiini kinachofanya kazi sasa, tazama katika saraka ya /boot faili inayoanza na jina config, au, ikiwa aliyekiunda alikuwa mwenye busara na akajibu ndiyo kwa CONFIG_IKCONFIG_PROC, soma /proc/config.gz. Mradi wa Docker wenyewe una programu fupi iitwayo check-config.sh inayokagua majibu hayo na kusema kipi kinakosekana. Tungeitumia kwanza tungeokoa siku nzima.

Lakini swali langu la wazee lilikuwa bado halijajibiwa. Tuseme kuta zote zipo, mita zote zipo, milango ina kufuli. Je, ninaweza kuziweka sauti zile chumba cha nne, na wanafunzi wanaojaribu programu za kila namna chumba cha tano?

Fundi, kwa mara ya kwanza, hakutabasamu. "Prof, bati ni moja."

Mwaka wa 2016 uligunduliwa mwanya katika kiini cha Linux uliopewa jina la Dirty COW. Ulikuwa umekaa humo tangu 2007, miaka tisa, katika sehemu inayoshughulikia kumbukumbu. Watu walionyesha kwamba aliyefungiwa ndani ya kontena angeweza kuutumia kutoka nje. Kuta hazikuvunjwa, paa ndilo lililovuja. Yapo majibu ya kupunguza hatari, hasa CONFIG_SECCOMP_FILTER, inayomzuia mpangaji asiite huduma za kiini asizozihitaji. Kupunguza hatari si kuiondoa, na mzee niliyemwahidi hakuniuliza kuhusu asilimia.

Kwa hiyo sauti zikajengewa nyumba yake. CONFIG_KVM ikajibiwa bado, na CONFIG_KVM_INTEL vilevile, kwa kuwa prosesa yetu ni ya Intel. Mwenye AMD angechagua CONFIG_KVM_AMD. Hapa bado haina madhara, maana moduli itachukuliwa mashine ikishawaka. Ilibidi pia tuingie katika mipangilio ya msingi ya mashine yenyewe, ile inayosomwa kabla ya kiini, ili kuuruhusu uwezo huo wa prosesa, kwa sababu ulikuwa umefungwa tangu ilipotoka dukani.

Katika fani hii mashine inayobeba huitwa mwenyeji na inayobebwa huitwa mgeni. Sikulazimika kutafsiri chochote hapo, na wahenga walishamaliza kazi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni asiyejua kwamba ni mgeni hudhani anazungumza na diski ya kweli na kadi ya mtandao ya kweli, na mwenyeji hulazimika kumwigizia vifaa hivyo kwa gharama kubwa. Mgeni anayejua hali yake hupewa jembe, nalo ni virtio: CONFIG_VIRTIO_PCI, CONFIG_VIRTIO_BLK kwa diski, CONFIG_VIRTIO_NET kwa mtandao. Akilishika, anamwomba mwenyeji moja kwa moja bila maigizo, na kazi inakwenda kwa kasi zaidi.

Majembe hayo hujibiwa katika kiini cha mgeni, si cha mwenyeji, na kijana wetu, akiwa na shauku ya kiini chepesi, akayajibu yote bado. Mgeni akawashwa. Kiini chake kikaanza, kikatafuta diski yake, kisiione, kikafa palepale. Kisa ni hiki: moduli ya kusomea diski ilikuwa imehifadhiwa ndani ya diski ile ile. Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba. Kwa kawaida mifumo huliepuka jambo hili kwa kubeba kifurushi kidogo, initramfs, chenye moduli za mwanzo, lakini yeye alikuwa amekiacha kifurushi hicho kwa ajili ya wepesi. Tulibadilisha CONFIG_VIRTIO_BLK na CONFIG_VIRTIO_PCI, pamoja na ile ya mfumo wa faili wa diski, zikawa ndiyo. Mgeni akaamka.

Sasa wanafunzi wanaishi kwenye ploti, vyumba sita, kila kimoja na mita. Programu ya kamusi ina chumba chake. Sauti za wazee zina nyumba yake yenye kiini chake, na diski yake imefichwa kwa nenosiri, kwa kuwa mwenyeji huweza kuchungulia vitu vya mgeni wake na yeyote atakayeiteka seva nzima angekuwa mwenyeji. Funguo wanazo watu wawili. Mashine pepe imekula kumbukumbu zaidi ya kontena zote sita zikijumlishwa, na mwenzangu mmoja idarani amelalamika kwamba ni ubadhirifu. Nimemwalika aje asikilize rekodi moja, kisha aniambie.

Faili zetu mbili za .config tumezihifadhi mahali salama. Toleo jipya la kiini likitoka, amri ya make oldconfig huyasoma majibu ya zamani na kuuliza yale maswali mapya tu. Siku hizi fundi hayajibu peke yake. Huja ofisini na orodha, tukaipitia moja moja, yeye akieleza na mimi nikiuliza ni swali la mifupa au la kusubiri. Neno kiini amelikubali, bado amelikumbatia kwa moyo wote, mwenyeji na mgeni hayakuwa na ubishi. Mawanda ya majina amelikataa katakata. Anasema ni refu, na kwamba atasema nemspesi mpaka nimpe jingine lenye silabi nne.